Maumivu yasiyoisha, neva na ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwa fizio

Haya ndio maswali nayoulizwa karibu kila wiki na watu wenye maumivu ya muda mrefu. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi, sio daktari wa ubongo, ila siku hizi nusu ya kazi yangu ni kueleza jinsi neva na ubongo zinavyofanya kazi kabla hata sijamgusa mtu. Sio lazima usome kwa mpangilio, nenda kwenye linalokuhusu. Ila kama unaumwa mgongo na umeanza kupata ganzi au shida ya mkojo, acha yote nenda swali la 7 kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Maumivu sugu ni yapi hasa? Yangu yana wiki tano, yanahesabika?

Tunayaita sugu yakivuka miezi 3. Sio kwamba siku ya 91 kuna kitu kinageuka ghafla mwilini, ni mstari tu umechorwa hapo kwa sababu kufikia muda huo majeraha mengi ya kawaida, msuli uliochanika, kano iliyovutika, hata mifupa mingi iliyovunjika, yanakuwa yameunga au yamekaribia. Kwa hiyo kama bado unaumwa vilevile au umezidi, swali haliwi tena "nini kimeharibika" peke yake, linakuwa pia "kwa nini kengele ya hatari ya mwili bado inalia".

Wiki tano bado ni mapema, usijipachike jina la ugonjwa wa kudumu. Lakini kama umeshaanza kuogopa kuinama au unalala na mto chini ya kila kiungo, soma swali la 10 leo, usisubiri miezi iishe.

2. Fizio na ubongo wapi na wapi? Si kazi yenu ni kukanda na mazoezi?

Hata mimi nilifundishwa hivyo. Shida ni kwamba kuna wagonjwa unawafanyia kila kitu sawasawa, wiki ijayo wanarudi wakiwa walewale, na wewe unaanza kuwalaumu kimoyomoyo kwamba hawafanyi mazoezi nyumbani, kumbe wanafanya.

Waliotufungua macho wengi wetu ni wenzetu wa Australia, hasa David Butler na Lorimer Moseley, wote walianzia kwenye fizio. Walianza kuwafundisha wagonjwa wenyewe biolojia ya maumivu, ile ile tunayojifunza darasani, kwa lugha ya kawaida. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu akielewa kwa nini anaumwa anapunguza hofu, na akipunguza hofu anaweza kutembea na kuinama tena. Pia ukitafakari, msuli haukazi wenyewe, unaamriwa na neva. Fizio anayeacha ubongo nje ya hesabu anatibu nusu ya mtu.

3. Sasa maumivu yanatengenezwa wapi, mgongoni au kwenye ubongo?

Watu wengi wana picha ya Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, bila kujua. Kwenye kitabu chake kilichotoka 1664 kuna mchoro wa mtu ameweka mguu karibu na moto, kuna kama kamba inavutwa kutoka mguuni mpaka kichwani, kengele inalia. Moto mkubwa, maumivu makubwa. Inaeleweka haraka, ila haitoshi.

Kwenye ngozi, misuli na vifundo hakuna waya za maumivu. Kuna neva zinazotoa taarifa ya hatari: joto limezidi, kuna mgandamizo, kuna kemikali za uvimbe. Taarifa hiyo ikifika kwenye uti wa mgongo inaweza kuongezwa sauti au kupunguzwa. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall ndio walieleza hilo mwaka 1965, wakaliita geti, na ndio maana ukijigonga kiwiko unakisugua, mguso unasaidia kufunga geti kidogo. Alafu ubongo unapokea kilichopita, unakichanganya na unachokiona, unachokumbuka, ulichoambiwa na mahali ulipo, unaamua: huyu mtu anahitaji kulindwa au la. Ukiamua ndio, unaumwa.

Mfano naoupenda uliripotiwa na jarida moja la madaktari la Uingereza mwaka 1995. Fundi ujenzi wa miaka 29 aliruka akakanyaga msumari wa sentimita 15, ukapenya buti ukatokea juu. Kila ukitikiswa alikuwa anaumia vibaya mno mpaka akapewa dawa kali za kumtuliza. Wakavua buti, wakakuta msumari umepita katikati ya vidole, hakuna hata mkwaruzo. Hakuwa anaigiza, ubongo wake uliona kilichoonekana ukatoa hukumu. Na kinyume chake pia kipo: daktari Henry Beecher, vita vya pili vya dunia, kule Anzio Italia mwaka 1944, aliona wanajeshi wenye majeraha mabaya ambao wengi wao walisema hawaumwi sana na hawataki dawa. Kwao jeraha lilimaanisha wametoka vitani wakiwa hai.

4. Kwa hiyo unaniambia yako kichwani tu, najifanya?

Hapana. Na hili swali ndio linaniuma zaidi kuulizwa, maana anayeuliza kwa kawaida ameshaambiwa hivyo na mtu fulani mwenye koti jeupe.

Maumivu yote yanatengenezwa na ubongo, pamoja na ya mguu uliovunjika sasa hivi. Hakuna maumivu ya kweli na maumivu ya mawazo, kuna maumivu basi. Aliyekatwa mguu anaweza kuumwa vidole ambavyo havipo, na daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell aliliita jambo hilo kiungo mzimu tangu 1871. Hata chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kiliporekebisha tafsiri yake mwaka 2020 kilisema maumivu yanaweza kuambatana na madhara ya tishu au kufanana na yale ya madhara ya tishu, na kwamba mtu akisema anaumwa kauli yake iheshimiwe. Ukikutana na mtoa huduma anayesema "hamna kitu, ni mawazo yako", ujue yeye ndio amekosa somo.

5. Kama jeraha lilishapona, mbona bado naumwa, tena panapouma pamezidi kupanuka?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Waswahili walishaeleza mfumo wa neva uliojihami kupita kiasi kabla ya maabara.

Neva zikituma taarifa ya hatari muda mrefu, zile zinazoipokea ndani ya uti wa mgongo zinakuwa nyepesi kuwaka. Mtafiti Clifford Woolf alionyesha hilo mwaka 1983. Kitu kidogo kinaleta moto mkubwa, mguso wa shati unauma, baridi inauma, na eneo linapanuka kwa sababu neva za jirani nazo zinaingizwa kwenye msafara. Ubongo nao unafanya mazoezi: ukirudia kitu kila siku unakuwa hodari nacho, na ndivyo ilivyo hata kwa kitu usichokitaka kama maumivu. Kwa hiyo kupanuka kwa maumivu mara nyingi sio jeraha linalosambaa, ni kengele iliyokazwa sana. Mwaka 2017 IASP ilikubali jina rasmi la maumivu ya namna hii, nosiplastiki, kwa wale ambao hawana jeraha linaloonekana wala neva iliyoharibika ya kutosha kueleza wanachopata.

Habari njema imo humohumo. Mfumo unaoweza kujifunza kuwa mkali unaweza kujifunza kutulia, ila haujifunzi kwa siku mbili.

## Picha na ripoti

6. MRI yangu inasema diski imechomoza na uti wa mgongo umechakaa. Si ndio chanzo hicho?

Inawezekana, ila usikimbilie hapo. Diski ni vile vigodoro vilivyo kati ya pingili za mgongo. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Diski zilizochakaa walikuwa nazo 37% ya watu wa miaka 20 na 96% ya watu wa miaka 80. Diski zilizotuna, 30% ya wenye miaka 20 na 84% ya wenye miaka 80. Na hawa hawaumwi! Mimi nawaambia wagonjwa hizo ni mvi za ndani, unazo kwa sababu umeishi.

Hapa nikiri kosa langu. Nilikuwa na ule mfano wa uti wa mgongo wa plastiki wenye diski nyekundu imechomoza, namwonyesha kila mtu nikidhani naelimisha. Watu walikuwa wanaingia wakiwa wanatembea kawaida, wanatoka wanatembea kama wamebeba mayai. Ule mfano nimeuweka kabatini. Maneno kama "umesagika", "mifupa inasuguana" na "mgongo wa mzee" yanaingia kwenye ile hesabu ya ubongo niliyoeleza swali la 3 na yanabaki humo miaka.

Diski inayobana neva kweli ipo, na dalili zake ni maumivu yanayoshuka mguuni kwa mstari, ganzi, nguvu kupungua. Hiyo tunaipima kwa mikono kitandani, na hata hiyo nyingi hutulia bila upasuaji.

7. Kwa hiyo nisipige picha kabisa? Lini niwahi hospitali?

Picha ina kazi yake, hasa kama majibu yatabadilisha matibabu. Usisome kitu chochote cha neva na ubongo hapa, wahi hospitali siku hiyohiyo kama: umepata ganzi sehemu unazokalia au sehemu za siri, mkojo umegoma au haja inatoka bila kujua, miguu yote miwili inalegea. Hiyo ni dharura ya masaa.

Mwone daktari haraka pia kama una homa na maumivu ya mgongo, unapungua uzito bila sababu, uliwahi kuugua saratani, umeanguka vibaya au una mifupa dhaifu, au maumivu hayabadiliki hata ukae vipi, usiku na mchana. Na maumivu ya kifua yanayobana usiyalete kwa fizio.

## Matibabu yenyewe

8. Siku ya kwanza utanifanyia nini?

Nitakusikiliza, tena sana. Yalianzaje, uliambiwa nini na nani, unalalaje, kazini kukoje, kitu gani umeacha kufanya, na wewe mwenyewe unadhani kuna nini mle ndani. Hilo swali la mwisho linanipa zaidi kuliko ripoti. Alafu napima nguvu, mguso, mijibizo ya magoti na vifundo vya miguu (mguu unavyoruka wenyewe ukigongwa), unavyoinama, unavyonyanyuka, ili nihakikishe hakuna mambo ya swali la 7. Baada ya hapo tunachora kwenye karatasi: kengele yako inalia kwa sababu zipi. Mara nyingi mtu akiondoka na hiyo karatasi anakuwa mwepesi kuliko angekandwa nusu saa, lakini tuendelee swali linalofuata maana hapa ndio watu wanadanganywa.

9. Maelezo peke yake yananiponya?

Kwa walio wengi hapana, na anayekuambia hivyo anauza maneno. Elimu ya neva ikitolewa peke yake inapunguza hofu vizuri, maumivu inayapunguza kidogo tu. Inafanya kazi ikiunganishwa na mwili kutembea, maana ubongo hauamini hotuba, unaamini ushahidi. Nikikuambia mara kumi mgongo wako una nguvu hautanisikia, ila ukiinama leo, kesho, keshokutwa, na hakuna kilichovunjika, unaanza kusikia.

Utafiti mkubwa ninaoutegemea hapa ulitoka Australia mwaka 2023. Watu 492 wenye maumivu sugu ya mgongo yanayowazuia shughuli, baadhi walikutana na fizio waliofundishwa kuunganisha maelezo, kubadili namna ya kujongea na mtindo wa maisha, hadi vipindi 7 ndani ya wiki 12 na kimoja cha kuongezea baadaye. Walifanya vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Vipindi 7 tu, sio miaka ya kuja kila Jumatatu.

10. Nikiumwa wakati wa mazoezi niache au niendelee?

Swali namba moja kwa kuulizwa, na jibu lake sio ndio wala hapana.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuacha kila kinachouma, dunia yako inapungua, leo huinami, mwezi ujao huendi mbali, misuli inapungua na kengele inazidi kuwa nyepesi kwa sababu hujawahi kuionyesha kwamba hakuna hatari. Wa pili ni wale wabishi, siku wanayojisikia vizuri wanafanya kazi za wiki nzima, nyumba inang'aa, alafu siku tatu kitandani, wakiamka vizuri wanarudia tena. Wengi wana yote mawili kwa zamu.

Tunachofanya ni kutafuta kiwango ambacho unaweza hata siku mbaya. Mfano kutembea: siku nzuri unaweza dakika 20, siku mbaya 8 ndio unaanza kulipa. Basi anza na 6, kila siku, siku nzuri 6 na siku mbaya 6. Utaona ni ujinga, kila mtu ananiambia ni ujinga. Baada ya siku chache ongeza dakika moja, alafu nyingine. Kinachoongoza ni mpango, maumivu hayashiki usukani. Kuumwa kidogo zaidi wakati wa zoezi kunaruhusiwa, kipimo changu ni kesho yake: ikiwa imerudi kwenye hali yako ya kawaida ndani ya masaa 24 uko sawa, ikiwa siku ya pili bado unalia tumeongeza haraka, tunashusha kidogo, hatuachi.

Kitu unachokiogopa zaidi, sema kuinama kuokota kitu sakafuni, tunakigawa vipande. Kwanza ukiwa umekaa, alafu kitu kikiwa juu ya stuli, alafu chini zaidi, huku unapumua maana watu wanabana pumzi bila kujua. Kuumwa na kuumia ni vitu viwili, hilo liandike mahali.

11. Zoezi gani ni bora?

Lile utakalokuwa bado unalifanya baada ya miezi sita. Kutembea, kuogelea, kunyanyua vyuma, kucheza muziki, yote yanasaidia na hakuna lililoshinda mengine kwa mbali. Usitafute zoezi la siri.

12. Nimesikia kuna tiba ya kioo, ni nini?

Ni kwa watu maalumu, hasa wa kiungo mzimu na wale ambao mkono au mguu mmoja unawaka moto, unavimba na kubadilika rangi baada ya jeraha. Ubongo una ramani ya mwili, na kwa hawa ramani ya eneo linalouma inakuwa imefifia. Tunaanza mbali: unaangalia picha za mikono unasema upi wa kushoto upi wa kulia, ukiwa mzuri unawaza tu kusogeza mkono bila kuusogeza, mwisho unaweka kioo katikati, mkono usiouma unasogea na macho yanaona kama ule unaouma ndio unaosogea bila shida. Mtafiti wa ubongo Vilayanur Ramachandran alianzisha kioo hicho miaka ya 1990. Ukiruka hatua unaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo usinunue kioo leo ukaanza kesho.

13. Kukandwa na ile mashine ya umeme ndogo ya kubandika, ni kazi bure?

Sio kazi bure, ila nafuu yake ni ya muda mfupi. Mashine hiyo wazo lake limetoka kwenye geti la swali la 3. Ikikupa saa moja nafuu, itumie hiyo saa kutembea. Ukiitumia kulala na kusubiri kipindi kijacho umepoteza.

14. Niache dawa?

Usiache mwenyewe, tena hasa zile za jamii ya mofini, za kifafa na za sonona zinazotumika pia kwa maumivu, zinapunguzwa taratibu na daktari, ukikata ghafla unaweza kupata shida kubwa. Ninachoweza kusema ni kwamba mwongozo wa Aprili 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unawaambia madaktari wasianzishe parasetamo, ibuprofeni wala dawa za jamii ya mofini kwa maumivu sugu yasiyo na ugonjwa mwingine wa kuyaeleza, kwa sababu faida haionekani na madhara yapo. Nenda na hilo swali kwa daktari wako.

Mwili nao una dawa zake. Mwaka 1975 watafiti John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walieleza kemikali za ubongo zinazofanya kazi kama mofini. Mazoezi ni moja ya njia za kuufanya mwili uzitoe.

15. Usingizi na stresi vinahusiana nini na goti langu?

Mtu mzima asiye na shida yoyote ukimnyima usingizi, kesho yake anaumia kwa kitu ambacho jana hakikumsumbua, hilo limepimwa maabara mara nyingi. Sasa wewe unalala masaa manne kwa mwaka mzima. Stresi nayo inaingia kwenye hesabu ya hatari. Kwa hiyo nikikuuliza unalalaje sikwepi goti, ndio naliangalia.

## Hali za pembeni

16. Mimi nina ugonjwa unaojulikana, baridi yabisi, neva za kisukari, au saratani. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa sehemu. Ugonjwa wenyewe utibiwe kwanza na dawa zake, usiache hata kidonge kwa sababu ya ukurasa huu. Ila hata kwenye ugonjwa unaoonekana, kengele inaweza kukazwa juu yake, ndio maana kuna watu wa baridi yabisi vipimo vya damu vimetulia na bado wanaumwa. Sehemu hiyo ndio tunaweza kuifanyia kazi.

17. Nyumbani hawaniamini, au wananifanyia kila kitu. Niwaambie nini?

Njoo nao. Asiyeamini namwonyesha swali la 4 na kisa cha msumari, kwa kawaida kinatosha. Anayekufanyia kila kitu kwa upendo ni mgumu zaidi, maana kila akikunyang'anya ndoo anaiambia kengele yako kwamba kweli kuna hatari. Mpe kazi nyingine: atembee na wewe zile dakika 6.

18. Yataisha kabisa?

Wengine ndio. Kwenye utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2021, watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo ya kiwango cha chini hadi wastani waligawanywa makundi matatu. Kati ya waliopewa tiba ya mwezi mmoja ya kuyatafsiri upya maumivu yao, 66% walimaliza bila maumivu au karibu hayapo, ukilinganisha na 20% ya waliochomwa sindano waliyojua ni ya maji ya chumvi tu na 10% ya walioendelea na huduma ya kawaida. Hiyo ilikuwa tiba ya kisaikolojia, sio fizio, na sio kila mtu anafanana nao, kwa hiyo siahidi. Ninaowaona mimi wengi maumivu yanapungua, na kwanza kinachorudi ni maisha: kazi, usingizi, kubeba mtoto. Namba ya maumivu inafuata nyuma, wakati mwingine kwa miezi.

19. Nilikuwa sawa miezi minane, jana yamerudi vilevile. Nimerudi mwanzo?

Hapana, ingawa itakuwa na sura ileile. Angalia wiki mbili zilizopita: usingizi, mafua, ugomvi, kazi ya ghafla, safari ndefu. Kama hakuna dalili za swali la 7, punguza shughuli nusu kwa siku mbili tatu, usilale kitandani, alafu panda tena kwa ngazi za swali la 10. Mara hii utapanda haraka kwa sababu njia unaijua. Ikifika wiki tatu bado haijashuka, nipigie tupange kipindi kimoja.